Usingizi umenikimbia miezi miwili sasa, nani alishawahi kupona bila kuzoea vidonge?

mama_dagaa_kirumba
Habarini wapendwa, najua wengi mmelala, mi ndo naandika, ni saa 9 na dakika 20 usiku nimekaa sebuleni gizani nisiamshe watoto na simu iko asilimia 11 kwahiyo mnisamehe nikiandika harakaharaka.

Niko Mwanza, Kirumba, nina watoto watatu, biashara yangu ni dagaa pale soko la Mwaloni. Mimi zamani nilikuwa mtu wa kusinzia hata kwenye daladala nimesimama, mume wangu alikuwa ananicheka. Sasa mwezi wa 4 mzigo wangu ulinyeshewa ukiwa bado kwenye vichanja huko Ukerewe, gunia 14, dagaa wakabadilika rangi wakanuka, ikabidi niuze kwa bei ya chakula cha kuku. Na huo mzigo niliuchukua kwa mkopo, ile mikopo mnaijua wenyewe, kausha damu, marejesho kila Jumatatu. Toka hapo usingizi ukaaga.

Inakuwaje, saa 4 usiku nalala vizuri tu kwa uchovu, ikifika saa 8 saa 9 macho hayo, moyo unadunda kama mtu anagonga mlango, jasho, vidole vinakufa ganzi, halafu kichwa kinaanza kupiga hesabu. Hesabu ileile ya jana. Natoa, najumlisha, napata jibu lilelile. Hapo hadi saa 12 nimelala macho makavu naangalia neti. Mara mbili nilihisi nakufa kabisa, wakanikimbiza hospitali, wakapima presha na moyo wakasema mzima, nikapewa panado nikarudi.

Nimetumia mchaichai, maziwa ya moto na asali, kungumanga, mafuta ya upako, Piriton, na jirani kanipa valiamu nikawa nakunywa nusu kidonge usiku 9 mfululizo. Nusu ile ilinilaza kweli ila nikaogopa maana nilianza kuiwaza toka saa 10 jioni. Mdogo wangu aliyeko Marekani ananiambia atanitumia melatonini, na dawa nyingine za majani eti valeriani na kava. Naomba ushauri wa njia za asili jamani, ila zile ambazo mtu umetumia mwenyewe, sio za kusikia. Chaji inaisha.

Mzee_wa_Pasiansi
Konyagi ndogo mbili, unalala kama mtoto. Usinishukuru.

dada_wa_duka_la_dawa
Mzee acha hizo. Pombe inakulaza saa za mwanzo ndio, halafu ikianza kuisha mwilini usingizi unakatikakatika, na mwenzio shida yake ni hiyohiyo ya kuamka saa 9, sa si unamuongezea petroli.

Dada pole sana. Mi nipo duka la dawa muhimu huku Igoma na watu wa namna yako nawaona kila siku, wengi wanakuja kuulizia valiamu kwa kunong'ona kama wananunua magendo. Umefanya vizuri kuogopa mapema. Usiku 9 kwa nusu kidonge hujaharibikiwa, iache tu. Ila anayesoma hapa na kaitumia miezi mingi asikate ghafla kwa kusoma posti ya mtandaoni, aende kwa daktari apunguziwe taratibu, kukata ghafla kunaweza kuleta hata degedege. Tatizo la zile dawa ni kwamba mwili unazizoea, dozi ya jana haitoshi leo, na siku ukiacha usingizi unakuwa mbaya kuliko ulivyoanza, mtu anasema "unaona, siwezi kulala bila hii," kumbe ni dawa yenyewe inadai. Piriton nayo ni ya mafua na aleji, kukulaza ni madhara yake tu, baada ya siku chache mwili unaizoea unabaki na mdomo mkavu na kichwa kizito asubuhi.

Kuhusu mzigo wa mdogo wako. Kava mwambie asitume kabisa, ni mzizi wa visiwa vya Pasifiki, Ujerumani waliiondoa sokoni 2002 kwa sababu ya watu kuumwa ini. Melatonini sio sumu, ni homoni ambayo ubongo wako unaitoa wenyewe giza likiingia, inasaidia sana mtu aliyevuka masaa kwa ndege, ila wale madaktari wa usingizi wa Marekani, American Academy of Sleep Medicine, kwenye mwongozo wao wa 2017 hawakushauri melatonini wala valeriani kwa mtu mwenye shida sugu ya kukosa usingizi, ushahidi waliuona mdogo. Yaani anaweza kutuma hela ya nauli ikasaidia zaidi.

Na kuna moja hujaitaja lakini nakuhakikishia ataileta tu kwa sababu ni ya majani na wanaisifia kwa wasiwasi, inaitwa St John's wort. Hiyo inalifanya ini livunje dawa nyingine harakaharaka. Kama mtu anatumia vidonge vya majira au vijiti, kinga ya mimba inashuka, mtu anapata mimba anabaki anashangaa. Kama anatumia ARV, dawa zinapungua nguvu, hapo ndo hatari kabisa. Watu wanadhani cha asili hakigombani na kitu.

Kungumanga umetumia kiasi gani? Chembe kwenye maziwa haina neno, ila nimeona mama amekwangua nzima kabisa, ile nyingi inaleta moyo kwenda mbio, kutapika na kuona vitu ambavyo havipo.

Halafu la mwisho, una uhakika walikupima damu? Sio presha, wingi wa damu. Na tezi ya shingoni? Damu ikiwa ndogo moyo unadunda, tezi ikifanya kazi kupita kiasi unakosa usingizi, unatoka jasho, mikono inatetemeka, mtu anaambiwa ana mawazo kumbe ni tezi. Pima hivyo viwili kwanza.

nyota_njema88
Mimi naona mnazunguka tu. Saa 9 usiku kila siku?? hiyo sio saa ya kawaida, hapo kuna mkono wa mtu. Biashara ya Mwaloni ina vita sana. Njoo inboksi.

mwl_wa_nyegezi
Anayemwamsha saa 9 ni afisa mikopo, hana haja ya ungo.

Nieleze kidogo maana hata mimi niliwahi kuamini hiyo ya saa 9. Usingizi wetu unakwenda kwa mizunguko, mmoja kama dakika 90 hivi, na ule mzito kabisa unaupata nusu ya kwanza ya usiku, kwahiyo saa 8 saa 9 uko kwenye usingizi mwepesi na mwili umeshaanza kujiandaa na asubuhi. Kila mtu anashtuka kidogo muda huo, anageuka, analala tena hata hakumbuki. Mwenye deni anashtuka, anakumbuka deni, basi.

Sasa dada yangu mimi nilikosa usingizi karibu miezi saba mwaka 2021 baada ya kumzika mama, na nilipona bila kidonge wala jani, ila nakuonya njia yenyewe ni chungu, wiki ya kwanza utanitukana. Binamu yangu kasomea saikolojia ndo alinifundisha kwa simu. Wanaiita CBT-I, yaani tiba ya kubadili mawazo na tabia zako za kulala, na mwaka 2016 chama kikubwa cha madaktari wa Marekani, American College of Physicians, kilisema mtu mzima mwenye tatizo sugu la usingizi aanzie hapo kabla ya dawa. Sio maombi sio motisha, ni nidhamu ya kitanda.

Jambo lenyewe ni hili, kitanda chako kimezoea kuwa ofisi ya hesabu. Miezi miwili kila ukilala hapo unapiga hesabu na kuogopa, mwili umeshajua kitanda ni mahali pa kuogopa. Kwahiyo ukiamka saa 9 ukaona kama dakika 20 zimepita huna dalili ya usingizi (usiangalie saa, kadiria tu), unatoka kitandani. Unatoka kabisa. Unakaa kwenye kiti, taa hafifu, unafanya kitu cha kuchosha, kuchambua mchele, kukunja nguo, sio simu. Usingizi ukirudi unarudi kitandani, ukikataa tena unatoka tena. Usiku wangu wa pili nilitoka mara sita, mke wangu akauliza kama nina mtu nje. Hiyo sehemu aliianzisha mwanasaikolojia mmoja anaitwa Richard Bootzin, mwaka 1972, na mpaka leo bado ndo uti wa mgongo.

Sehemu ya pili ndo chungu. Wewe unapanda kitandani saa 4 usiku unashuka saa 12 asubuhi, hayo ni masaa 8, ila usingizi wenyewe kama masaa 5. Masaa 3 unayatumia kuogopa. Basi unakipunguza kitanda kiwe sawa na usingizi ulionao, unapanda saa 6 usiku, unashuka saa 11 na nusu alfajiri, KILA SIKU, hata Jumapili, hata kama umelala dakika 40. Na mchana hulali. Mwili unapata njaa ya usingizi, na mwenye njaa hachagui. Wiki ikiisha ukiona karibu muda wote wa kitandani unalala kweli, kama asilimia 85 au 90 hivi, unajiongezea robo saa, unapanda saa 6 kasorobo. Wiki nyingine robo nyingine. Chini ya masaa 5 usishuke hata iweje.

Isifanywe na mwenye kifafa, wala mwenye ule ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka (bipola), na kama unaendesha chombo cha moto wiki ya kwanza kipaki, maana mchana utakuwa zombi.

Huo ndo ushauri wangu, majani kunywa ukipenda ladha.

bibi_wa_isamilo
Wajukuu zangu shikamooni mnaostahili kuniamkia hahaha. Mwalimu unasema majani ni ladha tu? Sisi tumelea watoto kwa mchaichai, mtu akiwa na mawazo unamchemshia jioni anatulia. Na kivumbasi unachoma kidogo nje ya dirisha, mbu wanakimbia, maana mbu mmoja tu wa ziwani anatosha kukukesha. Na miguu. Kabla ya kulala chukua beseni, maji ya moto kiasi miguu inaweza kuvumilia, tia chumvi ukitaka, kaa dakika 15 hivi umetulia, kausha, panda kitandani. Mama yangu alifanya hivyo mpaka anakufa na alikuwa analala kuliko sisi.

kijana_wa_data
Bibi shikamoo, kwa heshima zote, mchaichai ulishapimwa. Brazili wanaunywa kama sisi na wanaamini hivyohivyo, mwaka 1986 watafiti wao wakawapa watu chai ya mchaichai na wengine chai ya kuzugia, matokeo hakuna tofauti yoyote kwenye usingizi wala wasiwasi. Sumu haikuwa nayo lakini.

Ila ya miguu bibi umetisha. Mwaka 1999 watafiti wa Uswisi waliandika kwenye jarida la Nature kwamba miguu na mikono ikiwa ya moto mtu anawahi kulala, kwa sababu mishipa ya huko inapanuka, joto la ndani ya mwili linatoka nje, na mwili unaposhusha joto la ndani ndo unaingia usingizini. Mama yako aliwatangulia.

bibi_wa_isamilo
Marahaba. Hao Wabrazili hawakuuchemsha vizuri.

karabai_ya_mwisho
Mwangaluka mama, mimi ni mvuvi wa dagaa niko kambini huku Ukerewe mwaka wa 11 huu, nimesoma yote nikasema niweke langu maana usingizi ndo ugomvi wa kazi yetu.

Wasiojua, dagaa tunawavua usiku wa giza, taa ndo inawaita, zamani karabai sasa hivi taa za sola. Mwezi ukiwa mkubwa hatuingii, mwanga uko ziwa zima dagaa hawaoni sababu ya kuja kwenye taa yako. Kwahiyo kila mwezi mimi nakesha wiki mbili na kitu, halafu siku kama kumi nalala usiku kama watu, halafu narudi kukesha. Ni kama mtu anayesafirishwa Marekani na kurudishwa kila mwezi bila kupanda ndege. Zile siku za kwanza za mwezi mkubwa ndo mbaya, wenzangu wanakoroma mi niko macho, na nikiwa macho nawaza lile tukio la mtumbwi wetu kuzama upepo ulipotukuta, sitaki kulieleza hapa.

Anachosema mwalimu kuhusu kutoka kitandani mi niligundua mwenyewe bila kusoma. Nilikuwa nalala pale nalazimisha, nikaanza hata kuogopa jioni ikifika. Siku moja nikaamka nikakaa nje nikashona nyavu mpaka vidole vikagoma, niliporudi sikujua hata nililalaje. Toka siku hiyo silazimishi. Ukilazimisha usingizi unafanya kama paka, ukimwita haji.

Na mchana tukilala baada ya kazi, joto la bati na kelele za wanaoanika, mi natundika blanketi jeusi dirishani, simu namwachia mpishi wa kambi mpaka saa 9 alasiri. Kahawa ya kutafuna ile ya Bukoba nilikuwa naweka mfukoni nalamba hadi alfajiri, nikaja kugundua ndo inayonikata usingizi wa asubuhi, sasa mwisho saa 7 usiku. Wenzangu wengine wanatumia yale majani yaliyopigwa marufuku, wanalala kweli, ila mmoja alianza kuona watu wanamfuata hadi chooni, tukamrudisha kwao Sengerema.

Mama pole na gunia 14, mvua ile hata sisi ilitupiga.

mama_dagaa_kirumba
Nimewasoma wote, nimelia kidogo na nimecheka pia, wabeja sana. Mvuvi hiyo ya kahawa imenigusa. Mi kahawa sinywi ila kwa sababu silali usiku, mchana nanunua enaji, makopo mawili, la saa 6 mchana na la saa 11 jioni nikifunga hesabu za siku. Hiyo nayo ina neno? Na bado natumia vidonge vya majira, hilo la dada wa duka limenishtua.

Na zile pumzi wanazosema za kutuliza moyo nani anajua, maana nikishtuka pale saa 9 hata nguvu ya kutoka kitandani sina, natetemeka.

dada_wa_duka_la_dawa
Yaani dada umekaa na mwizi unatafuta mchawi. Kopo la mililita 250 huwa na kafeini kama miligramu 80, na kafeini inachukua kama masaa 5 kupungua NUSU tu, ya saa 11 jioni bado nusu yake inazunguka saa 4 usiku. Sasa weka na hili, anayetumia vidonge vya majira kafeini inakaa mwilini kama mara mbili ya hapo. Hata saa 9 usiku bado unayo ya kutosha, na mdundo wa moyo unaongezea. Kata la jioni leo leo, la mchana punguza taratibu usije ukaumwa kichwa. Vidonge vyako vya majira endelea navyo kawaida, ni hiyo St John's wort tu isiingie ndani kwako.

katekista_wa_zamani
Kuhusu pumzi. Siri yake ni kutoa hewa polepole kuliko unavyovuta. Vuta kwa puani ukihesabu 4, toa ukihesabu 6, tumbo ndo lipande sio kifua, dakika tano. Ukiogopa unahema juujuu na harakaharaka, ile hewa unayoitoa kupita kiasi ndo inaleta vidole kufa ganzi na kizunguzungu, halafu ganzi inakuogopesha zaidi, unaona umekufa. Ukijua hilo tu nusu ya hofu inakwisha.

Na mkatoliki mwenzangu kama ni mmoja wetu, mimi nasali rozari. Msinicheke. Kuna watafiti wa Italia, Luciano Bernardi na wenzake, mwaka 2001 waliandika kwenye jarida la madaktari la Uingereza kwamba watu waliosali Ave Maria kwa Kilatini, mmoja anaanza wengine wanaitikia, pumzi zao zilishuka hadi kama 6 kwa dakika, na moyo ukatulia nao. Walipima na zile mantra za yoga, maneno ya kurudiarudia, wakapata kitu hichohicho. Jirani yangu Mwislamu anasema tasbihi inampeleka hukohuko, simbishii. Padre wetu nilipomwambia alisema Mama Maria hahitaji vipimo, lakini niliona amefurahi.

Kuna nyingine ya kubana misuli, daktari mmoja wa Chicago, Edmund Jacobson, aliianza karne iliyopita miaka ya 20. Unakaza nyayo sekunde chache, unaachia, unapanda kwenye ndama, mapaja, ngumi, mabega, uso. Mimi sijawahi kufika usoni.

mhasibu_jeuri
Mnamtibu usingizi wakati ugonjwa ni mkopo. Dada, ile hesabu ya saa 9 ihamishe saa 12 jioni. Chukua daftari, andika unadaiwa nini, nani, lini, na kesho utafanya nini KIMOJA kuhusu hilo, funga daftari. Chuo cha Baylor huko Texas walifanya kwa vijana 57 wakiwa wamefungwa mashine za kupima usingizi, ikatoka 2018, walioandika orodha ya mambo ya kufanya walilala kama dakika 9 mapema kuliko walioandika mambo waliyokwisha kufanya, na kadiri mtu alivyoandika kwa undani ndo aliwahi zaidi. Kichwa kinashikilia hesabu kwa sababu kinaogopa utasahau.

Pili, huyo mkopeshaji ana leseni? Sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 inamtaka awe nayo, na Benki Kuu wana tawi hapahapa Mwanza, nenda na karatasi zako uulize. Wengi ukiwaambia tu "nipe nakala ya mkataba niende nayo Benki Kuu" wanaanza kuongea kwa upole. Omba marejesho yawe ya mwezi.

dada_wa_duka_la_dawa
Naongeza moja halafu nafunga duka. Ikitokea hiyo saa 9 mawazo yakahama kutoka kwenye hela yakaenda kwenye "bora nife tu," usisubiri mbinu ya mtu yeyote humu. Mwamshe mume wako usiku huohuo, asubuhi muende kituo cha afya muombe rufaa, Bugando wana idara ya magonjwa ya akili na wanaokwenda pale ni watu kama mimi na wewe, sio wanaookota makopo kama watu wanavyodhani.

mama_dagaa_kirumba
Hapana dada sijafika huko, ila nakushukuru kuuliza, hata nyumbani hakuna aliyeuliza. Naanza leo saa 6 usiku. Mwalimu nikifa nitakutokea.

mama_dagaa_kirumba
MREJESHO (sio marejesho, hayo ya Jumatatu hahaha)

Ni wiki ya nne leo. Wiki ya kwanza mwalimu nilikutukana kweli, siku ya tatu nilisinzia juu ya gunia la mteja mpaka akanipiga picha. Kuanzia saa 4 mpaka saa 6 usiku ndo ngumu kuliko hata ile saa 9, nyumba imelala mi natembeatembea ndani, nimechambua mchele wa mwezi mzima. Ila usiku wa sita nikapanda kitandani saa 6, nikashtuka alamu inalia saa 11 na nusu. Nilidhani simu imeharibika.

Sasa nalala saa 5 na nusu. Saa 9 bado naamka, tuseme mara mbili kwa wiki, natoka, nakaa kwenye kiti, nahesabu 4 na 6, narudi. Moyo kudunda umepungua sana, sijui ni pumzi au ni enaji nimeacha au ni damu, maana dada wa duka nilipima, damu ilikuwa 9 na wakasema mwanamke anatakiwa 12 kwenda juu, nimepewa vidonge vya madini ya chuma na wakanikataza kuvinywea na chai. Tezi wamesema nzima. Miguu kwenye beseni kila siku na watoto wamedandia, sasa nachemsha maji sufuria mbili. Mchaichai bado nakunywa bibi, usiwaambie vijana wa data.

Mkopo, nilienda kuomba mkataba, yule kijana akaanza kuniita mama. Wamenibadilishia iwe kila wiki mbili, nilitaka mwezi wakakataa. Daftari naandika saa 12 jioni pale pale Mwaloni kabla ya kufunga. Mdogo wangu alishatuma zile valeriani zimefika, zinanuka kama soksi, nimeweka juu ya kabati.

mwl_wa_nyegezi
Saa 5 na nusu usiiongeze mpaka hizo mbili za wiki zipungue. Na Jumapili usijidanganye.

mama_dagaa_kirumba
Jumapili iliyopita nililala mpaka saa 2 asubuhi. Nilijua utauliza.

karabai_ya_mwisho
Mama nimefurahi. Mwezi umeshapungua, keshokutwa tunaingia ziwani. Mzigo ukikauka nikupigie au bado unaogopa mvua? Safari hii tumenunua turubai.

mama_dagaa_kirumba
Nipigie. Ila sio baada ya saa 5 na nusu.

karabai_ya_mwisho
Muda huo niko katikati ya ziwa mama, hata ungetaka.